Wameona Kitu Kimoja, Kwa Nini Hawasemi Neno Moja?

Jumapili ya tarehe 3 Novemba 2013, muda mfupi baada ya saa kumi na moja jioni, nilikuwa Pakwach pamoja na nyanya yangu mzaa mama, tumesimama katikati ya umati uliotoka kila pembe ya Uganda na nchi za mbali, tukisubiri mwezi ulifunike jua. Kivuli kilikuwa kimeanza safari yake magharibi mwa Bahari ya Atlantiki, kimekata Afrika ya kati, na baada ya kutupita sisi kilikuwa na njia ya kwenda kaskazini mwa Kenya, Ethiopia na Somalia kabla ya jua kuchwa. Giza lenyewe halikufika nusu dakika. Lilikuja kutoka upande wa Kongo, likatukuta, likavuka Nile kuelekea mashariki, na watu waliokuwa wakipiga vigelegele wakabaki kimya.

Nyanya hakushangazwa sana na giza. Kilichomshangaza ni kwamba tangu Ijumaa nilikuwa nimemtajia dakika ambayo jambo hilo lingetokea, na likatokea katika dakika hiyo hiyo. Alikuwa ametoka misa asubuhi na rozari bado ilikuwa mkononi. Akaniuliza kwa Kialur: "Mjukuu wangu, hao waliopiga hesabu hii wanamjua Mungu?" Nikamjibu kwamba wengine wanamwamini na wengine hawamwamini. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali ambalo sijaacha kulifikiria tangu siku ile: "Kama wote wameona kitu kimoja, kwa nini hawasemi neno moja?"

Ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari hapa Arua. Marehemu baba yangu alikuwa Mwislamu, mama yangu ni Mkatoliki, nami nilishika dini ya baba. Kwa hiyo tangu utotoni nimesikiliza mawaidha ya msikitini na mahubiri ya kanisani, na kote nimesikia majina ya wanasayansi yakitajwa, mara kama mashahidi wa Mungu, mara kama maadui zake. Wanafunzi wangu huniletea video kwenye simu, moja ikidai kwamba Einstein alithibitisha kuwa Mungu yupo, nyingine ikidai kwamba alithibitisha kuwa hayupo. Einstein hakuthibitisha lolote kati ya hayo. Mwaka 1929, rabi mmoja wa New York alipomuuliza kwa simu ya maandishi kama anamwamini Mungu, alijibu kwamba anamwamini Mungu wa mwanafalsafa Spinoza, anayejidhihirisha katika mpangilio wa vitu vyote vilivyopo, wala si Mungu anayejishughulisha na majaaliwa na matendo ya wanadamu. Hilo ni jibu la mtu mmoja kuhusu moyo wake. Halikutoka katika hesabu zake za mvuto, na yeye hakudai kwamba lilitoka huko.

Mfano ulionisaidia zaidi kulielewa swali la nyanya ni wa watu wawili waliopata tuzo moja. Mwaka 1979 Tuzo ya Nobel ya fizikia ilitolewa kwa Abdus Salam wa Pakistan pamoja na Wamarekani wawili, Steven Weinberg na Sheldon Glashow, kwa kuonyesha kwamba nguvu ya umeme na sumaku, na ile nguvu dhaifu inayofanya baadhi ya viini vya atomu vioze, ni sura mbili za nguvu moja. Salam na Weinberg waliifikia nadharia hiyo kila mmoja kwa njia yake, mmoja akifanya kazi London na Trieste, mwingine akiwa Marekani. Milinganyo yao inasema jambo lile lile. Chembe walizozibashiri zilipatikana katika maabara ya CERN, karibu na Geneva, mwaka 1983, na zilipatikana kwa wote wawili kwa pamoja: hazikumtii muumini zaidi ya asiyeamini.

Lakini wasikilize wanavyozungumza juu ya Mungu. Salam, katika hafla ya tuzo huko Stockholm, alisoma aya za Suratul-Mulk zinazomtaka mwanadamu atazame uumbaji wa Mwingi wa Rehema kama ataona ufa wowote, kisha arudie kutazama, mpaka macho yamrudie yakiwa yamechoka. Akaongeza kwamba hiyo kwa hakika ndiyo imani ya wanafizikia wote, kwamba kadiri wanavyochimba ndivyo mshangao unavyozidi. Weinberg, miaka miwili kabla ya tuzo hiyo, alikuwa ameandika kwamba kadiri ulimwengu unavyoonekana kueleweka ndivyo unavyoonekana pia hauna lengo. Salam mwenyewe alikuja kuandika baadaye kwamba imani yake na ukanaji wa Weinberg havikuleta tofauti yoyote katika utafiti wao. Nimelisoma neno hilo mara nyingi, na kila mara naliona kuwa zito zaidi, kwa sababu aliyelisema hakuwa mtu wa imani nyepesi. Alikuwa wa jumuiya ya Ahmadiyya, ambayo bunge la nchi yake liliitangaza mwaka 1974 kuwa si ya Kiislamu, na hata baada ya kufa neno "Mwislamu" lilifutwa kwenye jiwe la kaburi lake. Mtu aliyelipa gharama kiasi hicho kwa ajili ya dini yake ndiye aliyesema waziwazi kwamba dini hiyo haikumpa mlinganyo wowote ambao mwenzake asiyeamini hakuweza kuupata.

Basi jibu langu la kwanza kwa nyanya, kama ningekuwa na akili ya kulitoa siku ile, lingekuwa hili: juu ya kitu walichokiona, wote wanasema neno moja. Pale Pakwach hakuna mwanafalaki aliyesema kivuli kingepita Kampala. Wanachotofautiana ni kitu kingine, yaani maana ya kile walichokiona, na maana hiyo haiwekwi kwenye mizani ya maabara.

Ami yangu, ambaye ni imamu wa msikiti mdogo nje kidogo ya mji, alinipa siku chache baadaye hadithi ambayo nilikuwa naijua bila kuifahamu kwa kina. Mtume Muhammad alifiwa na mwanawe mdogo, Ibrahim, na siku hiyo jua lilipatwa Madina. Wanafalaki wa leo wakirudisha hesabu nyuma huilinganisha siku hiyo na tarehe 27 Januari mwaka 632. Watu wakasema jua limepatwa kwa ajili ya kifo cha mtoto. Hebu fikiri: baba mwenye msiba, kiongozi ambaye maadui zake walikuwa wakimdai ishara, na sasa mbingu zenyewe zinaonekana kumlilia mwanawe. Angenyamaza tu, watu wangeamini. Badala yake aliwaambia kwamba jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mwenyezi Mungu, na havipatwi kwa kufa kwa mtu yeyote wala kwa kuzaliwa kwake. Aliuruhusu mshangao na akawaamuru watu wasali, lakini aliukataa ushahidi wa uongo hata pale ulipokuwa upande wake.

Nilipoisikia hadithi hiyo nilimkumbuka papo hapo Georges Lemaître, padri Mkatoliki wa Ubelgiji na mwanafizikia, ambaye mwaka 1927 alionyesha kwamba ulimwengu unapanuka na mwaka 1931 akapendekeza kwamba ulianza kutokana na kitu kimoja kidogo alichokiita atomu ya mwanzo. Nadharia hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa mlipuko mkuu. Novemba 1951 Papa Pius XII alihutubia chuo cha sayansi cha Vatikani na kuzungumza kana kwamba sayansi sasa imeshuhudia ile siku Mungu aliposema nuru na iwe. Padri angeweza kufurahi. Papa wake alikuwa anaisifu kazi yake. Lakini Lemaître alisikitika, akazungumza na washauri wa papa, na mwaka uliofuata, papa alipowahutubia wanafalaki tena, hakuyarudia maneno yale. Lemaître alishikilia kwamba nadharia yake, kwa kadiri alivyoona, iko nje kabisa ya swali lolote la kidini, na kwamba inamwacha anayemkana Mungu huru kuendelea kumkana. Alijua kwamba nadharia inaweza kukosolewa kesho, na hakutaka altare ijengwe juu ya kitu kinachoweza kukosolewa kesho.

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Isaac Newton, ambaye aliandika mengi juu ya Biblia katika maisha yake, aliona kwamba sayari huvutana, na akahofia kwamba mivutano hiyo midogo ingejumlishana mpaka mpangilio wote uvurugike; akasema huenda Mungu huurekebisha mara kwa mara. Mwanafalsafa Leibniz alimkosoa vikali, akisema huko ni kumfanya Mungu kuwa fundi wa saa asiyeweza kutengeneza saa inayokwenda bila kuguswaguswa. Zaidi ya miaka 60 baadaye mwanahisabati Laplace alionyesha kwamba sehemu kubwa ya mabadiliko hayo huenda yakirudi yenyewe, na nafasi aliyotengewa Mungu ikazibwa kwa kalamu. Nawaomba wahubiri na mashehe wetu, kwa heshima zote, waikumbuke habari hii wanapotaka kusema, "Sayansi haijaeleza jambo hili, kwa hiyo hapa ndipo Mungu alipo." Anayempa Mungu chumba katika ujinga wetu anampa chumba ambacho kila mwaka kinapungua.

Sasa niseme juu ya ukweli, na kwa hili sihitaji kwenda Ulaya, kwa sababu mfano bora ninaoujua ulitokea katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 daktari Hugh Trowell alimwita mwenzake, daktari wa upasuaji Denis Burkitt, amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano mwenye uvimbe katika pande zote mbili za taya, juu na chini. Burkitt hakujua ni nini. Wiki chache baadaye, akiwa katika hospitali ya Jinja, akaona kupitia dirishani mtoto mwingine mwenye sura ile ile, na uvimbe mwingine tumboni. Alikuwa mtu mwenye jicho moja tu, kwani jingine alilipoteza akiwa mtoto huko Ireland, na alikuwa Mkristo wa kiinjili aliyeanza siku zake kwa sala. Sala haikumwambia ugonjwa ule ni nini, wala hakudai kwamba ilimwambia. Alipekua kumbukumbu za hospitali, akachapisha maelezo yake mwaka 1958, kisha akasambaza vikaratasi vyenye picha katika hospitali za Afrika nzima akiuliza swali moja: je, mmeuona uvimbe huu?

Majibu yalipochorwa kwenye ramani yalitengeneza mkanda unaokata katikati ya bara. Mwaka 1961 Burkitt na madaktari wawili wa misheni, mmoja wao Ted Williams wa hospitali ya Kuluva hapa kwetu karibu na Arua, walipanda gari kuukuu na kusafiri wiki 10, takriban kilomita 16,000, kutoka Kampala hadi kusini mwa Afrika na kurudi, wakitafuta mwisho wa mkanda ule. Waligundua kwamba mahali penye baridi au penye miinuko mirefu ugonjwa hupungua na kutoweka, na kwamba mahali pakavu hauonekani. Burkitt akahitimisha, kwa busara kabisa, kwamba huenda kuna kirusi kinachobebwa na mbu.

Mwaka huo huo alitoa mhadhara London, na kijana mmoja mtafiti, Anthony Epstein, alikuwa amekaa akisikiliza. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Uganda, na mwaka 1964 Epstein, pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr, walitangaza kwamba wamekiona kirusi kwa hadubini ya elektroni ndani ya seli hizo. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Dhana ya Burkitt ilionekana imethibitika. Kisha ikagunduliwa kwamba kirusi hicho hakibebwi na mbu. Hupita kwa mate, kipo duniani kote, na watu wazima zaidi ya 90 kati ya kila 100 wanacho mwilini bila kuugua ugonjwa huo. Mbu alikuwa amebeba malaria, na ni malaria inayomshambulia mtoto mara kwa mara ndiyo inayokifungulia kirusi njia. Ramani ilikuwa kweli, mbu alikuwamo kweli, kirusi kilikuwamo kweli, na maelezo ya jinsi vitu hivyo vitatu vilivyoungana yalikuwa na kosa.

Huwa nawasimulia wanafunzi habari hii pole pole, kwa kuwa wengi hudhani kuna mambo mawili tu, ukweli na uongo, na kwamba mwanasayansi anayebadili kauli amekamatwa akidanganya. Ukweli wa kisayansi ninaoufahamu mimi hujengwa kama nyumba inayokaliwa wakati fundi bado yuko juu ya paa. Sheria ya mvuto ya Newton ilishindwa kueleza kuyumba kidogo kwa njia ya sayari ya Zebaki, tofauti ya sekunde 43 za pembe katika kila miaka 100, na Einstein ndiye aliyeieleza mwaka 1915. Lakini Newton hakutupwa. Mtu akikaa na sheria ya Newton peke yake, anaweza kukokotoa kivuli cha Pakwach kwa usahihi ambao jicho la nyanya lisingeutofautisha na ule wa Einstein. Kosa la Newton lilikuwa na ukubwa unaojulikana na mahali panapojulikana, na kulijua kosa lako kwa kipimo ni elimu kubwa.

Mipaka ya maarifa nayo si ya aina moja, na hapa ndipo mazungumzo yetu mengi hupotea. Kuna mambo ambayo hatuyajui bado. Vipimo vya sasa vinaonyesha kwamba maada ya kawaida, yaani sisi, Ziwa Victoria, nyota zote na vumbi lote lililo kati yake, ni kama asilimia 5 tu ya vilivyomo ulimwenguni. Takriban asilimia 27 ni maada isiyoonekana, na asilimia 68 hivi tunaiita nishati ya giza kwa sababu hatuna jina bora. Hilo ni deni ambalo huenda likalipwa na binti aliyekaa leo dawati la nyuma darasani kwangu.

Lakini ipo mipaka ya aina nyingine, ile ambayo sayansi yenyewe imeithibitisha. Mtu akisimama ufukweni Entebbe na kutazama meli ikielekea Kalangala, meli hiyo hufika mahali ikazama machoni pake, na darubini kali haitamsaidia, kwa sababu tatizo haliko machoni. Liko katika umbo la dunia. Ulimwengu nao una upeo wa namna hiyo. Una umri wa takriban miaka bilioni 13.8, na mwanga uliotoka mbali kupita kiasi fulani haujapata muda wa kutufikia; na kwa kuwa upanuzi wa ulimwengu unazidi kasi, mwanga unaoondoka leo katika sehemu za mbali sana hautafika kamwe. Mwanafizikia Heisenberg alionyesha mwaka 1927 kwamba chembe haiwezi kuwa na mahali na mwendo vinavyojulikana kikamilifu kwa wakati mmoja. Kurt Gödel, mwaka 1931, alifanya jambo ambalo mimi naliona la ajabu kuliko yote: alithibitisha kwa hisabati kwamba mfumo wowote wa hisabati usiojipinga na wenye uwezo wa kutosha kueleza hesabu za kawaida utakuwa na kauli za kweli ambazo mfumo huo hauwezi kuzithibitisha. Akili ya mwanadamu ilifika ukutani na, badala ya kugonga kichwa, ikaupima ukuta.

Wapo wanaomchukua Gödel na kusema, "Mmeona, kwa hiyo Mungu yupo." Gödel mwenyewe alimwamini Mungu, lakini nadharia yake ile inazungumzia mifumo ya hisabati na kuishia hapo. Kuvuka kutoka hapo hadi mbinguni ni hatua ya imani, nami nimeivuka hatua hiyo kwa hiari na nasujudu mara tano kwa siku. Ila sitamwambia mwanafunzi kwamba daraja nililovukia lilijengwa na hisabati. Vivyo hivyo, sitamwambia kwamba Weinberg alilazimishwa na milinganyo yake kuuona ulimwengu hauna lengo. Darwin, aliyesukumwa na watu wa pande zote mbili atoe kauli, aliandika mwaka 1879 kwamba hakuwahi kuwa mkanaji kwa maana ya kukana kuwapo kwa Mungu, na kwamba neno linalomfaa zaidi ni la mtu asiyejua. Naliheshimu jibu hilo. Ni gumu kulisema katika nchi yetu, ambako mtu akisema hajui huonekana ama mpagani ama mvivu wa kusoma, na ningetamani watoto wetu waruhusiwe kulisema pale wanapolimaanisha, msikitini, kanisani na darasani.

Nyanya alifariki miaka minne baada ya siku ile, kabla sijaweza kumpa jibu lililopangika. Sijui kama angeridhika nalo. Pengine angeniuliza kwa nini basi Mungu hakuacha alama moja tu ambayo Salam na Weinberg wangeisoma sawasawa, na kwa swali hilo sina mlinganyo wala aya ninayothubutu kuifasiri peke yangu.

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa tena, na safari hii kivuli kizima kitapita juu ya Luxor kule Misri, juu ya Makka, kisha Yemen na ncha ya Somalia. Sisi wa kaskazini mwa Uganda tutaona jua likimegwa sehemu tu. Ami yangu amesema, Mungu akipenda, atasalisha sala ya kupatwa kwa jua, na amenitaka nimwandikie dakika ya kuanza na ya kumaliza. Mimi nimeanza kukusanya vioo vya wachomeleaji, vile vyeusi vya namba 14, ili wanafunzi wasiumie macho. Mama naye anataka tuwe Pakwach, mahali pale pale, na ameshasema kwamba atakwenda na rozari ya nyanya.